Kamati ya Kisu cha Mama Ivunjwe

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Familia ya Kumchagulia Mama Kisu,
Kwa mkono wa mke wake, maana yeye akiwa kazini simu haipokei.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWENENDO WA KAMATI

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanangu wa kwanza,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako kinachozunguka pale ofisini kwenu kwa watu wa bima. Mimi sijambo. Mgongo haujambo, macho hayajambo, cherehani nayo haijambo. Kinachougua katika nyumba hii ni mfuko wa aproni yangu, ambao mpaka leo uko mtupu, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Naandika kwa sababu Jumapili iliyopita, nilipofungua mdomo niseme la moyoni, ulinyoosha kidole na kuniambia kwa heshima zote, "Mama, hoja zote zije kwa maandishi." Nilidhani unatania. Nikamtazama dada yako, naye ameinamisha kichwa anaandika muhtasari. Nikamtazama mdogo wenu, naye anaitikia kwa kichwa kama shahidi mahakamani. Basi maandishi ndiyo haya. Na kwa kuwa penseli ya kwanza kuishika maishani mwako nilikushikisha mimi, utanivumilia mwandiko ukipanda mlima.

Kwa faida ya wajumbe waliosahau tulianzia wapi, naanza mwanzo. Mimi ni fundi wa makochi, na makochi ndiyo yaliyowasomesha nyote watatu. Fundi wa makochi akiamka huvaa aproni, na katika mfuko wa aproni hutia chaki, futi na kisu cha kukunja. Kisu hicho hufumua mishono ya zamani, hukata kamba, huchonga chaki, hupunguza sponji, hufungua boksi la misumari, na mchana, kikishaoshwa, humenya chungwa. Changu kilivunjika nikiwa nakwangua pini kwenye mbao za kochi lako wewe Mwenyekiti. Najua kwamba kisu si bisibisi, lakini bisibisi ilikuwa upande wa pili wa chumba na mimi nilikuwa nimeshakaa chini. Bapa likakatika, kipande kikanigusa kidole gumba, damu ikatoka kiasi cha kuchafua kona ya kitambaa, basi. Kwa bahati mbaya dada yako, ambaye ni muuguzi, alinitembelea siku hiyohiyo, na alipomaliza kunifunga bandeji kidole kilikuwa kinene kama mchi. Tangu hapo sijaonja amani. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kwamba kamati yenyewe haikuwa na sababu ya kuzaliwa. Nilikupigia simu nikakwambia, "Mwanangu, ukipita madukani niletee kisu cha kukunja, cha bei ya kawaida, cha kutembea nacho kila siku." Ukajibu, "Sawa, Mama." Mimi nikajua mambo yamekwisha. Jumapili yake nikasikia hodi, nafungua mlango, nyote watatu mmesimama mmevaa vizuri, wewe una karatasi iliyochorwa jedwali, nguzo kwa nguzo: urefu, uzito, chuma, mpini, kufuli, kibanio cha kukishikiza mfukoni, bei, hatari. Nguzo ya hatari ndiyo ilikuwa pana kuliko zote. Mkajigawia vyeo hapohapo sebuleni: wewe Mwenyekiti, dada yako Katibu, mdogo wenu Mtaalamu. Nilipouliza mimi ni nani katika jambo hili, mkashauriana kwa kunong'ona, kisha mkaniambia mimi ni Mwalikwa. Mwalikwa! Ndani ya nyumba yangu, na chai nimepika mwenyewe.

2. Kuhusu Mtaalamu. Mdogo wenu nampenda, ni kitinda mimba wangu, lakini utaalamu wake wote umetoka kwenye simu. Ameangalia video za wanaume wenye ndevu wanaokata karatasi hewani, wanaokata kamba nene, wanaopigilia kisu kwenye gogo kwa nyundo, halafu wanatikisa kichwa kwa huzuni kwamba hakifai. Akaniuliza, "Mama, unataka chuma cha daraja gani?" Nikamwambia daraja la kukata. Akacheka kama anayemwonea mtu huruma. Akanieleza kwamba chuma cha bei nafuu makali yake hayakai. Nikamwambia makali hayakai kwa mtu asiyenoa. Mimi kinoo changu kipo dirishani na nakitumia kila asubuhi kabla ya kunywa maji. Akasema kuna chuma ambacho hakihitaji kunolewa mwaka mzima. Nikamuuliza, sasa huo mwaka mzima asubuhi nitakuwa nafanya nini?

Lakini hilo ni dogo. Wiki iliyofuata alikuja na kisu cha kuazima ili atuonyeshe namna kinavyofunguka kwa kidole gumba cha mkono mmoja. Ni kweli kwamba kwa kazi yangu hilo ni jambo jema, maana mkono mwingine huwa umevuta kitambaa. Nikasogea nione. Mtaalamu akasimama katikati ya chumba, akatanua miguu, akasema, "Tazameni," na kisu kikamtoka mkononi kikaruka kikazama kwenye lundo la sponji chakavu. Tukatafuta familia nzima. Wewe ulivua koti. Katibu, aliyekuwa amekaa juu ya lundo hilo, alikataa kusogea akisema ana wasiwasi na alichokalia, na wasiwasi wake ulikuwa wa kweli: kisu kilikuwa chini yake. Tangu siku hiyo nguzo ya hatari imeongezewa karatasi ya pili.

3. Kuhusu Katibu. Huyu ndiye aliyenichosha kabisa. Dada yako anataka kisu kifupi, chenye ncha ya mviringo, na makali ya wastani. Nikamuuliza makali ya wastani ndiyo yapi. Akajibu, "Yale ambayo hata ukiteleza, Mama, hayafanyi kitu." Mwanangu, kisu kisichofanya kitu kinaitwa kijiko, na vijiko ninavyo. Ncha lazima iwe kali, kwa sababu mshono wa kochi umekazwa, na usipopata pa kuingilia chini ya uzi utabaki unausugua tu kama unaubembeleza. Kuhusu urefu nilikubaliana naye: bapa lisizidi kidole cha shahada, maana refu zaidi ya hapo linachoma sponji isiyohusika. Nilikubali hilo ili nionekane mtu wa maelewano. Hakuliandika kwenye muhtasari.

Badala yake akasema lazima tupime nguvu ya mikono yangu. Akanipa vidole vyake viwili, akaniambia nivibane kwa kadiri ninavyoweza. Nikavibana. Akasema, "Vizuri." Nikaendelea. Akasema, "Basi, Mama." Nikaendelea kidogo tu, kwa ajili ya uhakika wa vipimo. Sasa ananiambia eti wiki nzima alipata tabu kuwachoma wagonjwa sindano. Na mwisho wa yote akaniachia mkasi wa hospitali wenye pua bapa, ule wa kukatia bandeji, eti nijishikize nao kamati ikiendelea kutafakari. Nimejaribu kuukatia mkanda wa kochi. Mkanda haukukatika, mkasi ndio uliolegea.

4. Kuhusu kufuli. Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu mnajua mlivyonitia aibu. Mtaalamu anasema kisu lazima kiwe na kile kibati cha ndani kinachokizuia kisijifunge juu ya vidole. Katibu anasema kibati hicho hicho ndicho kitakachonikata nikitaka kukifunga. Mkabishana mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu hapo hawa wawili hawasalimiani, na mimi ndiye ninayewapelekea salamu zao kama tarishi. Kama mngeniuliza, ningewaambia kwamba kufuli ni zuri likiwa linafunguka bila kugombana nalo. Lakini Mwalikwa haulizwi.

5. Kuhusu bei, na hapa nakugeukia wewe mwenyewe, Mheshimiwa.

Nilisema cha bei ya kawaida. Wewe ukasema, kwa ile sauti yako ya kuwauzia watu bima, kwamba usalama wa Mama hauna bei. Ukatuonyesha picha ya kisu kinachokuja ndani ya kisanduku chenye velveti, na ndani ya kisanduku kuna cheti, na kwenye cheti wameandika kwamba kina dhamana ya maisha. Nikakuuliza, maisha ya nani, yangu au ya kisu? Ukanywa chai.

Sasa nikueleze bei nafuu maana yake nini kwa mtu anayetembea na kisu kila siku. Bei nafuu ni ile ambayo nikikipoteza nitasonya, sitalia. Hicho tu ndicho kipimo. Kisu cha velveti sitakifanyia kazi. Nitakifunga kwenye kitambaa, nitakiweka kabatini pamoja na zile sahani za wageni, na kila ukipiga simu utaniuliza, "Kisu kipo?" kabla hujaniuliza kama nimelala salama. Nitakuwa nimeletewa mgeni wa kumhudumia, nami nilitaka kibarua wa kunihudumia.

Na ile hoja yako kwamba mlinzi wa benki atanishika na kisu mfukoni, nayo haina miguu. Benki naenda nikiwa nimevaa gauni. Kisu kinakaa kwenye aproni. Hakuna benki duniani niliyowahi kuingia nimevaa aproni.

6. Kwamba mmeniacha mikono mitupu, na hili ndilo linaloniuma. Mengine yote hapo juu niliyasema kwa mdomo mrefu tu.

Tangu kisu kivunjike, nywele zangu zimesukwa, zimefumuliwa na zimesukwa tena, kamati bado inatafakari. Kazi haitafakari. Watu wanaleta viti. Nimekata uzi kwa meno, na meno yangu unayajua, yaliyobaki yanakaa kwa kuheshimiana. Nimefumua mshono kwa ufunguo wa mlango mpaka sasa mlango unanikatalia kufunguka. Nimetumia kisu cha mkate, kikarudi jikoni kinanuka gundi, nikala mkate wenye ladha ya kochi. Yote hayo nimeyavumilia.

Nisichokiweza ni kuomba. Asubuhi natoka nje, navuka mlango, naenda kwa kinyozi wa hapa jirani: naomba kiwembe. Kinyozi ni mtu mwema, hanikatalii, ila kila akinipa ananifundisha namna ya kukishika, mimi niliyeshika visu yeye hajaota meno. Mchana nakwenda kwa muuza matunda: naomba unikatie hapa. Jioni narudi tena kwa kinyozi. Siku hizi wakiniona nakuja wanaulizana kwa kicheko, "Leo Mama anakata nini?" Wananitania kwa upendo, najua, nami nacheka nao. Nikirudi ndani sicheki.

Juzi alikuja mteja na kiti cha kuegemea, kiti kizuri, cha mbao ngumu. Nikakigeuza, nikakagua, tukakubaliana. Nikataka kufumua kona kidogo nimwonyeshe ndani palivyooza. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, kama ulivyozoea miaka yote, ukatoka na chaki. Nikamwambia anisubiri nivuke kwa kinyozi. Niliporudi na kiwembe, mteja alikuwa amekibeba kiti chake kichwani, anasema atapita siku nyingine. Nimekiona kiti hicho kibarazani kwa fundi mwingine, kimeshavishwa kitambaa, na kona imekaa vibaya.

Mheshimiwa, iliniuma. Nilikaa kwenye stuli nikaitazama ile chaki. Mtu akiwa na kisu chake mfukoni hamwombi mtu yeyote chochote: anafungua mwenyewe, anakata mwenyewe, anamenya mwenyewe. Ninyi mnadhani mnanilinda nisijikate kidole. Mnachonikata ni kauli. Mwanamke aliyewalea bila kugonga mlango wa mtu, leo anagonga mlango wa kinyozi kwa ajili ya uzi.

7. Kwamba hata hivyo mimi ni mtu wa haki, na kama sheria ya familia sasa ni kwamba kitu chenye kudhuru hakimilikiwi mpaka kamati ikichague, basi sheria hiyo nimeipokea kwa mikono miwili, na ninaitekeleza mara moja kwa watu wote bila upendeleo.

Nimeunda Kamati ya Gari la Mwenyekiti. Gari lako limewahi kugonga geti lako mwenyewe, mchana kweupe, geti likiwa limesimama. Hilo ni jambo kubwa kuliko kidole gumba. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni mimi. Katibu ni mimi. Wewe ni Mwalikwa. Kamati itakaa nyumbani kwako, nitakuja na begi langu, na funguo za gari zitakaa kwangu mpaka tutakapokubaliana gari lipi linakufaa kwa umri wako na nguvu za vidole vyako, ambazo nitazipima mimi.

Nimeunda pia Kamati ya Tai, kwa sababu ni jambo la kushangaza kwamba mtu mzima anajifunga kitanzi shingoni kila asubuhi na hakuna aliyeandika muhtasari. Nimeunda Kamati ya Pasi ya Mkeo, ambayo inaunguza. Kwa Katibu nimeunda Kamati ya Sindano, kwa sababu anatembea na vitu vyenye ncha kali kuliko kisu chochote na anawachoma navyo watu wasiokuwa na hatia. Kwa Mtaalamu kuna Kamati ya Simu, ambayo imemharibia macho na shingo, na wakati kamati inatafakari atatumia mkasi wa bandeji kuwasiliana na rafiki zake. Baada ya hapo tutaingia kwenye Kamati ya Ngazi, Kamati ya Jiko na Kamati ya Maji ya Moto. Ikibidi tutafika kwenye Kamati ya Ulimi, na hapo familia nzima itakuwa kimya mpaka ripoti itoke.

8. Mwisho, kuhusu kochi lako. Si kitisho, ni taarifa. Kochi lako lile kubwa liko hapa kwangu, limelala chali katikati ya karakana, uchi wa mnyama, springi nje, sponji pembeni, na miguu yake nimeitia kwenye ndoo. Nilikuwa nimefika hapo kisu kilipovunjika. Nimesikia kwamba wakwe zako wanakuja kuwatembelea mwisho wa mwezi, na kwamba mama mkwe wako hawezi kukaa chini kwa sababu ya magoti. Mkeo amenipigia simu mara kadhaa, kwa adabu sana, akiniuliza, "Mama, kochi limefikia wapi?" Nikamjibu kwa adabu hiyohiyo kwamba kochi linasubiri kisu, kisu kinasubiri kamati, na kamati inaongozwa na mume wake. Nasikia siku hizi mnakula kimya kimya. Poleni.

Kutokana na hayo yote, nataka yafuatayo yafanyike bila kuitisha kikao kingine:

Kamati ivunjwe, na jedwali likunjwe. Katibu aje achukue mkasi wake. Katibu na Mtaalamu wasalimiane, tena kwa kupeana mikono, nami niwepo. Na wewe Mwenyekiti uweke sahihi yako mahali panapoonekana, kwamba kuchagua kisu cha mfukoni cha bei nafuu si kazi ya kamati wala ya video wala ya velveti. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mtu anaingia dukani, anakishika, anakifungua, anakifunga, anatikisa kidogo asikie kama bawaba imelegea, analipa, anaondoka. Hata mayai huchukua muda zaidi.

Na ili kuthibitisha hilo, leo hii nikimaliza kuandika nitavua aproni, nitavaa viatu, nitakwenda kwenye lile duka la vifaa pale kona, nitachagua nikiwa bado nimesimama mlangoni, nitarudi. Hata barua hii haijafika mikononi mwako, kisu kitakuwa mfukoni mwangu, kochi lako litakuwa linavishwa, na kinyozi atakuwa na amani na viwembe vyake.

Nisalimie mkeo sana, mwambie ana uvumilivu wa kupigiwa mfano. Nisalimie wajukuu, mkubwa na wale wa chini yake. Nisalimie wakwe zako wakifika, mweleze mama mkwe wako kwamba nimemwandalia upande wenye sponji mpya. Nisalimie na walinzi wa ofisini kwenu, hasa yule aliyeniletea kiti siku ile nilipokusubiri. Katibu na Mtaalamu wasalimie kila mmoja kivyake, kwa kuwa pamoja haiwezekani.

Ni mimi, mzazi wa Mwenyekiti, wa Katibu na wa Mtaalamu,
aliyewahi kuwachagulia ninyi majina, shule na viatu bila kuunda kamati,

MAMA YENU
(Mwalikwa)

Nyongeza:

Nimerudi kutoka dukani. Barua sijaifunga, na kuandika nyingine mkono umechoka, kwa hiyo isome yote kama ilivyo, halafu usome na hapa.

Mwenye duka alinipokea vizuri. Akatandika kitambaa juu ya kaunta, akavipanga visu vya kukunja vya bei zetu za kawaida, akasema, "Chagua, Mama." Nikachukua cha kwanza: mpini wa mti, mzuri, umekaa kiganjani, ila bapa linacheza. Cha pili hakichezi, lakini kufuli lake gumu, nilitumia mikono yote miwili na kidogo kidevu. Cha tatu kilifunguka kwa kidole gumba kama Mtaalamu alivyosema, laini kabisa, ila kibanio kiko upande wa kushoto. Cha nne hakina kasoro yoyote niliyoiona, nikakirudisha kwa sababu mlio wake wa kujifunga haunifurahishi. Nikarudia cha kwanza. Nikamwuliza kama ana vingine ndani. Akaleta. Nyuma yangu watu wa misumari na watu wa rangi walikuwa wanasubiri, mmoja akaanza kukohoa. Nikamwomba mwenye duka kipande cha boksi na kalamu, nikachora nguzo. Ndiyo, nguzo. Urefu, uzito, mpini, kufuli, kibanio, bei. Na ya hatari niliichora, ila nyembamba.

Akaniletea stuli. Akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Kwani wewe mwenyewe, Mama, unapenda kipi?"

Mwanangu, nikaikalia ile stuli. Nikaanza kuvihesabu kichwani visu vyangu vyote nilivyowahi kuwa navyo, na hakuna hata kimoja nilichokinunua. Vyote vilitoka ndani ya makochi. Mtu anakaa, kisu kinamteleza mfukoni, kinaingia katikati ya mto na mto, kinasahaulika. Sisi mafundi ukifumua kochi ukakuta kitu cha mtu, unamrudishia mwenyewe. Mikufu wanachukua, sarafu wanachukua. Kisu wanakitazama kimeshika kutu, wanacheka, wanasema, "Kaa nacho tu, fundi." Ndivyo nilivyovipata. Kimoja kilikuwa kimepinda, nikajifunza kukata kwa kupinda. Kimoja kilikuwa cha mtu wa mkono wa kushoto, nikajifunza kushoto. Nilidhani nina ujuzi wa kuchagua visu, kumbe nilichonacho ni ujuzi wa kuzoea. Kuniuliza napenda kipi, hakuna aliyewahi. Hata mwenye duka aliponiuliza mara ya pili, macho yalinijaa machozi, nikasingizia vumbi la saruji.

Nimerudi mikono mitupu. Kamati usiivunje. Jumamosi asubuhi fanya uje na jedwali lako, na dada yako aje na vidole vyake vilivyopona, na mdogo wenu aje na simu yake, wagombane njia nzima kama wanataka. Kila kisu kitakapowekwa mezani, mniulize ninapenda kipi, mniulize taratibu, na nikichelewa kujibu msinisaidie jibu. Naomba mje nyote. Sitaki kwenda peke yangu.